Ngazi na Faulo ya Tano

Mpwa wangu ni mrefu kwa sababu yangu. Dada yangu anakataa, na marehemu mumewe alikataa zaidi, lakini mimi najua nisemalo: urefu wa ukoo wetu ulipita kwangu kwanza, ukakuta nimeshajaa akili hakuna nafasi, ukaendelea na safari hadi kwa huyu kijana. Jina la kuzaliwa analo. Mimi nilimwita Ngazi siku alipobadilisha balbu ya sebuleni bila kupanda juu ya kitu chochote, na jina likashika hivi kwamba hata mama yake akimkasirikia humwita hilo hilo.

Kitanda chake nyumbani kimeongezwa kigoda upande wa miguuni, kwa sababu godoro linamwishia kwenye vifundo. Chumba chenyewe ni nusu cha kulala, nusu cha kazi ya mama yake: cherehani iko dirishani, vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni, na hakuna mtu wa nyumba ile ambaye hajakanyaga sindano. Mimi ni fundi wa friji, na si fundi wa kubahatisha. Nina wateja ambao wakisikia nasafiri wanazima friji zao mpaka nirudi. Wakati wa likizo Ngazi alikuwa ananisaidia kubeba. Friji ya milango miwili aliikumbatia kama mgonjwa, akaipandisha ghorofa ya tatu, kisha nikamsikia huko juu anaita, "Mjomba, naiweka wapi?" Mimi wakati huo niko ghorofa ya kwanza, nahema, nimebeba bisibisi.

Kijana mpole. Ila ana ugonjwa mmoja tangu utotoni: hapitwi. Ukicheza naye mpira uani, mpira haumpiti. Ukitaka kuruka foleni ya maji yeye akiwepo, rudi nyuma tu kwa hiari yako. Akiwa mdogo alisimama mlangoni akawazuia binamu zake kuingia ndani mpaka mmoja akajikojolea. Nilimwambia dada, mtoto huyu atakuwa ama askari wa geti ama kitu kikubwa. Akawa mchezaji wa mpira wa kikapu, yule anayesimama chini ya ubao na kupangua kila kinachokuja.

Kupangua huko ndiko kulikompa chuo. Chuo cha ufundi kilimchukua kusomea upimaji wa ardhi, kikamlipia ada na kumpa kitanda bwenini, kwa sharti moja: aichezee timu ya wanaume ya chuo, na timu iwemo kwenye ligi ya vyuo. Timu ikitoka ligi, udhamini unakufa siku hiyo hiyo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Cherehani ya dada inalisha watu, haisomeshi chuo. Na mimi, pamoja na umaarufu wangu wote, friji za watu hazinipi cha kumsomesha mpimaji. Kwa hiyo msimu ule haukuwa mchezo. Kijana alikuwa amebeba mwaka wake wa mwisho mikononi, na mikono yenyewe ilikuwa inateleza.

Walianza wachezaji kumi na wawili. Dada alizishona jezi zote mwenyewe. Kocha alikuwa mwalimu wa zege. Naam, zege, lile la kujengea. Alipewa timu kwa sababu hakuhudhuria kikao cha kugawana majukumu, na waliohudhuria wakampa kilichobaki. Mtu mwema, lakini mazoezini alikuwa anapuliza filimbi kisha anafungua kitabu cha sheria kuangalia amepulizia nini.

Wakafungwa mechi ya kwanza. Wakafungwa ya pili. Ya tatu wakashinda, kwa kuwa wapinzani basi lao liliharibika na hawakufika. Ya nne wakafungwa vibaya mno, na wakati wa kurudi ndipo Ngazi alipojichimbia shimo. Wachezaji watatu walikuwa wamekaa viti vya nyuma ya basi wanalamba aiskrimu na kucheka. Ngazi, ambaye ndiye alikuwa nahodha, akasimama, kichwa kikagonga paa la basi, jambo lililowaongezea kicheko, akasema, "Anayecheka tukifungwa hana nafasi kwenye timu hii. Nyie watatu, jezi mtazirudisha kesho." Kocha alikuwa amelala. Alipoamka akaambiwa, akasema nahodha ndiye nahodha.

Mimi nilipopewa habari nikamuuliza, "Sasa umefukuza watatu, umewaweka nani badala yao?"

"Mjomba, nidhamu kwanza."

"Nidhamu inadaka mpira?"

Hakujua, au alijua akasahau, kwamba ligi ikishaanza huwezi kuandikisha mchezaji mpya. Waliopo ndio hao hao mpaka mwisho. Ikaja zamu ya wengine wawili kwenda mafunzo kazini, mbali, kwenye mradi wa barabara. Mmoja akateguka kifundo akishuka ngazi za bweni, wala si uwanjani. Mwingine akafeli mtihani, na chuo hakimruhusu aliyefeli kucheza. Ukihesabu, na mimi hesabu ndiyo somo nililoliweza kabla shule haijaniona mzigo, wanabaki watano. Watano ndio idadi ya kuanzia mechi. Benchi likabaki na kocha na chupa za maji.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya chuo cha biashara, vijana walioshiba, viatu vinang'aa mpaka unatamani uwe mguu. Na ligi ile ina sheria isiyo na huruma: timu isiyofika uwanjani, au isiyomaliza mechi, inafutwa msimu unaofuata. Kufungwa hakuna shida, ufungwe utakavyo. Lakini umalize.

Wiki ile Ngazi alienda bwenini kwa wale watatu aliowafukuza. Nilikuwa naye kwa sababu nilikwenda kutengeneza friji ya kantini yao, na mambo kama haya hayafai kufanyika bila mimi. Akainama kuingia mlangoni. Mkubwa wa wale watatu, kijana wa mdomo mrefu wanayemwita Spika, alikuwa amejilaza kitandani.

"Ndugu zangu," Ngazi akasema, "nilikosea. Nawaomba mrudi, mechi moja tu."

"Nahodha," Spika akajibu bila kunyanyua kichwa, "ulisema anayecheka hana nafasi. Sasa mimi bado nacheka. Sheria si sheria?"

"Timu ikifutwa mimi sina chuo. Unajua hivyo."

"Najua. Na siku ile ulijua mimi nilikuwa nacheka nini? Nilikuwa nacheka aiskrimu imenidondokea kwenye suruali. Hukuuliza."

"Unataka nikupigie magoti?"

"Ukipiga magoti ndio tutalingana."

Wenzake wakaangua kicheko. Ngazi akapiga magoti kweli. Pale sakafuni, kati ya ndoo na viatu. Kicheko kikakatika, chumba kikawa kibaya. Spika akageukia ukutani. "Inuka bwana, usinitie aibu," akasema. "Siji." Tukatoka. Njiani sikuwa na utani, na mtu akikuambia amewahi kuniona sina utani mwulize ilikuwa lini.

Siku ya mechi dada alikuja, mara yake ya kwanza. Tukakaa jukwaani, mbao zinachoma, jua la alasiri liko usoni. Nyuma yetu alikaa jamaa mmoja mjuaji wa sheria zote, na kila alilosema mimi nilimgeuzia dada kama langu.

"Kila mchezaji ana faulo tano," nikamwambia. "Akifikisha ya tano anatoka, harudi."

"Na wakitoka wote?"

"Wanaweza kupungua mpaka wawili, mechi ikaendelea. Akibaki mmoja, mechi imekufa. Haikumalizwa."

Dada akashika tama.

Kilichotokea kipindi cha kwanza sipendi kukieleza. Wale vijana walikuwa wanakimbia kama wameiba. Jamaa wa nyuma akasema wanataka kombe: wamelingana pointi na timu nyingine, kwa hiyo wanahitaji kutufunga kwa tofauti ya pointi themanini. Kwa hiyo hawakuwa wanacheza na sisi, walikuwa wanatuvuna. Na Ngazi, na ule ugonjwa wake, alikuwa anapangua kila mpira. Mara nyingine alipangua mpira tu. Mara nyingine alipangua mpira na mkono wa mtu. Hadi mapumziko alikuwa na faulo nne.

"Kaa mbali nao!" kocha wa zege akamlilia. "Waache wafunge! Waache!"

"Siwezi kocha, mikono inakwenda yenyewe."

Kipindi cha pili wenzake wakaanza kuanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Wa kwanza faulo tano. Wa pili faulo tano, akatoka analia. Wa tatu alikimbia mpaka akatapika pembeni ya mstari, akajilaza, hakuamka tena kwa shughuli ile. Robo ya mwisho ilipoanza walikuwa wawili: Ngazi na kijana mfupi wa ufundi bomba tunayemwita Miwani, ambaye bila miwani yake hawezi kutofautisha kikapu na mwezi.

Wawili kwa watano. Hujawahi kuona. Miwani akirusha mpira kutoka nje ya mstari, wa kumrushia ni mmoja tu, na huyo mmoja amezungukwa na watu watano wamenyoosha mikono. Wananyang'anywa, wanafungwa. Wanarusha, wananyang'anywa, wanafungwa. Watu jukwaani mwanzoni walicheka, baadaye wakaacha.

Ngazi akapata akili, au alidhani ni akili. Akaenda kusimama upande wa pili wa uwanja, chini ya kikapu cha wapinzani, mbali na kila mtu, asiweze kumgusa hata inzi. Mwamuzi akapuliza filimbi, akamwita. "Nahodha, unacheza au unagoma? Ukisimama huko tena nahesabu timu imekataa kucheza, na namaliza mechi hapa."

Kwa hiyo ilimbidi arudi chini ya ubao, asimame mbele yao, na asiguse mtu. Yeye. Mtu aliyewahi kumzuia binamu yake mpaka akajikojolea.

Halafu Miwani akaanguka. Misuli ya mguu ilikaza, akawa anagaagaa kwenye saruji anashika paja. Mwamuzi akaja juu yake. "Unaweza kusimama? Kama huwezi, useme."

Miwani hakuweza hata kusema. Dada akanishika mkono na kucha zake za ufundi. Kocha wetu akawa anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake. Na hapo nikaona jambo ambalo katika maisha yangu, na nimeona mengi, sikuwa nimeliona: kocha wa wapinzani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya honi, alitoka mbio kwenye benchi lake na mfuko wa barafu.

"Nyoosha, mwanangu, nyoosha mguu," akawa anamkanda. "Usinifie sasa hivi. Leteni maji! Nyie mmesimama nini?"

Vijana wake wakaleta maji. Mmoja akamsukuma Miwani nyayo ili misuli iachie. Mwingine, kijana wa ndevu tunayemwita Kidevu kwa sababu hana kingine cha kutangaza, akaokota miwani, akaifuta kwa jezi yake mwenyewe, akamvisha. Wakamwinua wakamshika kwapani mpaka akasimama. Watu wakapiga makofi. Dada akaguna, "Watoto wenye malezi hao."

Ngazi alikuwa amesimama pembeni anaangalia. "Mnatusaidia kwa nini?" akauliza.

Kidevu akamjibu huku anatabasamu, "Bado tunawahitaji, kaka. Hatujafika themanini."

Uso wa mpwa wangu sitaki kuuona tena vile. Mtu anakupa maji ili apate kuendelea kukupiga, na wewe huna budi kuyanywa, na kumshukuru, kwa sababu akikuacha uzimie unapoteza zaidi. Akayanywa. "Asante," akasema.

Wakaendelea kutufunga. Ngazi amesimama mikono juu, wanampita kulia, wanampita kushoto. Kila wanapompita nilikuwa naona mabega yanamruka. Dada akagundua mwenyewe kinachotakiwa, akasimama juu ya ubao wa kukalia, mwanamke ambaye hata sokoni huongea kwa kunong'ona, akaanza kupiga kelele, "Mpishe! Mpishe, mwanangu! Mpishe apite!"

Watu wakageuka. Mama gani anamshangilia adui? Mimi nikasimama naye nikaungana, "Mpishe Ngazi! Mpishe!" Sauti yangu, bila kujisifu, ilifika mpaka barabarani.

Zikafika themanini. Kocha wao akaketi, akapuliza pumzi, akafungua soda. Sasa walikuwa hawatuhitaji tena. Jamaa wa nyuma akasema hata mechi ikifa sasa hivi, ushindi wao na pointi zao vinabaki vile vile. Dakika zilikuwa zimebaki chache, lakini Kidevu alikuwa na deni la roho: mapema msimu ule ule Ngazi alimpangua mpira mbele ya mchumba wa Kidevu, mpira ukaenda kutua kwenye ndoo ya muuza juisi, na chuo kizima cha biashara kilicheka wiki nzima.

Akachukua mpira, akaja nao polepole, anaudunda mbele ya Ngazi. "Nizuie," akasema. "Si ndio kazi yako? Nizuie basi."

Ngazi akasogea. Kidevu akafunga, akarudi, wakanyang'anya tena, akaja tena.

"Shemeji yako yuko pale anaangalia. Onyesha kidogo."

"Mpishe!" dada akapaza.

Akapita, akafunga. Mara ya tatu akaja mpaka kifuani, akauweka mpira kwenye kiganja, akaunyanyua taratibu karibu na pua ya Ngazi kama mtu anayempa mtoto embe. Kwa Ngazi ule mpira ulikuwa si wa kupangua, ulikuwa wa kuokota. Nikaona mkono wa kulia unapanda. Dada akafumba macho. Mkono ukafika usawa wa bega, kisha ukashuka, ukaenda nyuma ya mgongo, ukakutana na wa kushoto, akaifumbata mikono yake mwenyewe kama aliyefungwa pingu.

Kidevu alikasirika. Akaruka, akamvamia kwa goti na bega, wote wakaanguka, na Kidevu akiwa chini akapiga ukelele wa mtu aliyevunjwa mbavu. Filimbi ikalia.

Ngazi alikuwa chali, mikono bado iko chini ya mgongo wake, anamtazama mwamuzi kutoka sakafuni. Mwamuzi akanyanyua ngumi, akasimama hivyo, nadhani aliifurahia ile nafasi. Kisha akaonyesha upande wa Kidevu. Aliyevamia ndiye mwenye faulo. Mpira ni wetu.

"Ameniinamia!" Kidevu akafoka.

"Alikuwa amesimama," mwamuzi akasema. "Tena mikono iko nyuma. Unataka asimame vipi, ndani ya sanduku?"

Zilibaki sekunde nne tu, lakini zilikuwa ndefu. Miwani, anachechemea, akaurusha mpira kutoka nje ya mstari juu kabisa, mahali pasipofikiwa na mtu ila mmoja. Ngazi akaudaka, akaukumbatia, akauinamia kwa mwili mzima. Watano wakamzunguka, wanampapasa mbavu. Hakudunda, hakutoa pasi, hakusukuma mtu. Akabaki ameinama vile, macho yamefumbwa, mpaka filimbi ya mwisho ikalia, na baada ya kulia akaendelea kuinama.

Mwamuzi akaja kuuchukua mpira. Ngazi akaukatalia.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Yote?"

"Yote, nahodha. Lete mpira."

Akampa. Kisha akaketi pale pale alipo. Miwani akaja akaanguka juu yake. Wapinzani walikuwa tayari wanaruka ruka na kombe lao upande wa pili, na kwenye ubao wa matokeo kulikuwa na tofauti ambayo siiandiki, maana karatasi hii nayo ina aibu zake.

Mimi na dada tukashuka. Mpwa wangu alikuwa analia, na mtu mrefu kiasi kile akilia, kilio kinatoka mbali. Dada akamshika kichwa akakibana tumboni kwake. Mimi nikatafuta la kusema, kwa sababu kuna watu wa kulia na kuna watu wa kusema, na kila mtu anajua niko upande gani.

"Hongera, mpimaji," nikamwambia. "Mwaka mmoja umebaki. Ila watoto wa biashara wamekupita leo mpaka nimechoka kugeuza shingo."

Hakucheka. Alitikisa kichwa tu, akasema kwa sauti iliyobanwa kwenye gauni la mama yake, "Mjomba, nilikuwa naweza kuupangua ule mpira. Ule wa mwisho. Nilikuwa naweza."

"Najua," nikasema.

Dada akaniambia ninyamaze sasa. Nikanyamaza, jambo ambalo watu wa ukoo wetu wamekuwa wakiniomba miaka mingi bila mafanikio, nikakaa chini kwenye saruji karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto tukawa tumelingana.